SOMO: Kupanga timu za mafundi saiti kabla ya kumwaga slabu (sakafu ya zege ya ghorofa)

Ndugu mafundi na wasimamizi, somo hili ni la saiti ya ghorofa, kama zinazopanda sasa Ihumwa na Mtumba, hapa Dodoma. Fundi hodari hatoshi. Nyufa nyingi huanzia pale timu moja inapoiachia nyingine kazi.

Hatua ya 1: Kila timu iwe na kiongozi mmoja: mbao, nondo, umeme, bomba, zege. Maagizo yote yapitie kwake, hata ya mwenye nyumba.

Hatua ya 2: Saa moja asubuhi viongozi wakutane dakika kumi. Kila mmoja aseme leo anafanya wapi, anataka nini stoo, na nani atamzuia. Hilo la mwisho lisirukwe.

Hatua ya 3: Fuateni zamu. Seremala amalize mbao na mirunda, yaani nguzo za kuzishikilia kutoka chini. Nondo za chini zisukwe, zikae juu ya vibiskuti vya zege, vile vipande vidogo vya kuziinua zisiguse mbao. Umeme na bomba walaze paipu zao, ndipo nondo za juu zifuate. Mkigeuza, fundi umeme atakata nondo apate pa kuweka boksi ya taa, na hatamwambia mtu. Jioni ya mwisho viongozi wote watembee juu ya slabu na daftari moja, kila mmoja atie sahihi. Sahihi moja ikikosekana, zege halimwagwi, hata kama mashine imeshafika.

Hatua ya 4: Mtajeni kwa jina atakayemwagilia maji. Jua na upepo wa Dodoma hukausha zege juu haraka. Siku 7 angalau, na magunia juu yake. Mkisema "tutamwagilia wote", Jumapili hamwagilii mtu.

MASWALI

Mwanachama, Chamwino: Mkuu, fundi nondo wangu nimempa kazi kwa mapatano. Akimaliza anataka hela yake aondoke, hasubiri sahihi.
Jibu: Sehemu ya malipo ibaki mpaka zege limwagwe. Mpatane hivyo kabla hajashika koleo.

Mwanachama, Kizota: Mimi ni saidia fundi. Nikiona nondo zimelala kwenye mbao, nani atanisikiliza?
Jibu: Dada, paza sauti hapohapo. Wabeba ndoo mnapita kila kona kuliko mhandisi. Msimamizi atangaze mapema kwamba yeyote anaruhusiwa kusimamisha zege.

Mwanachama, Nala: Fundi plasta anataka mirunda itolewe apate nafasi.
Jibu: Hapana. Mirunda hutolewa kwa kauli ya mhandisi. Fundi plasta aanze kuta za nje.