Somo: Mkasa wa kikao kimoja, kutoka rasimu hadi Nasser Road

Somo hili linahusu kuandika mkasa mfupi wa mchezo wa mezani wa kuigiza, yaani hadithi ambayo mwongoza mchezo huisimamia na kila mchezaji huamua mhusika wake afanye nini: muda wa saa 4, wachezaji wanne, wahusika wa ngazi ya 1, kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons. Anayenunua kazi yako hataki riwaya. Ni mwongoza mchezo aliyekaa mezani, watu wanne wanamtazama, naye anatafuta haraka mlango wa pili unatokea wapi. Kila hatua hapa ipime kwa mahitaji yake.

1. Leseni kabla ya hadithi

Tumia SRD 5.1, hati ya kanuni na viumbe vya mchezo ambayo wenye D&D wameiachia waandishi wengine waitumie. Tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya Creative Commons CC-BY-4.0, kwa hiyo unaruhusiwa kuuza kazi inayotumia kanuni na viumbe vilivyomo. Sharti ni kunakili maneno ya utambulisho yaliyo mwanzoni mwa SRD kama yalivyo, na kuyaweka ndani ya kitabu chako. Nembo ya D&D usiiguse; andika tu kwamba mkasa unaoana na toleo la tano. Viumbe maarufu wa D&D kama beholder hawana takwimu humo, basi waache.

2. Tatizo kwa sentensi mbili

Nani anataka nini? Wahusika wasipofanya kitu, nini kitatokea na lini? Mfano: mganga wa kisiwa ameficha ngoma inayowatuliza mamba wa ziwa. Usiku wa tatu mamba watapanda kijijini. Hapo tayari kuna mtu, kitu na saa inayokimbia. Historia ya ufalme mzima, vita vya mababu na orodha ya wafalme kumi, weka nusu ukurasa. Nyingine baki nayo kwenye daftari lako.

3. Maeneo matano au sita, basi

Pambano moja la wachezaji wanne hula dakika 30 hadi 45. Weka mawili, au matatu kama moja linaweza kukwepwa kwa maneno. Muda unaobaki ni wa mazungumzo na kupekua.

Kila jambo ambalo wachezaji lazima waligundue lipe vidokezo vitatu, katika sehemu tofauti. Kwamba mganga ndiye mwizi: matope ya ufukweni kwenye kizingiti chake, mtoto aliyesikia ngoma usiku, na kamba ya ngozi iliyokatwa. Kimoja watakipita bila kukiona, cha pili watakielewa vibaya, na cha tatu ndicho kitakachowafikisha.

4. Hesabu za dadu

Hapa ndipo mikasa mingi hufia, na mwandishi hajui kwa sababu hakupiga hesabu. Mchezaji hurusha dadu ya pande 20, hujumlisha nyongeza ya mhusika wake, na jumla lazima ifikie namba ya ugumu. Ugumu 10 ni rahisi, 15 ni wa kati, 20 ni mgumu. Mhusika mwenye nyongeza ya +5 akikabili ugumu wa 15 anahitaji 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani asilimia 55. Sasa ukiweka njia pekee ya kufika pangoni nyuma ya kufuli la ugumu 15, umekubali kwamba karibu nusu ya meza zitakwama hapo. Suluhisho si kushusha namba. Wakishindwa, mlango ufunguke ila kwa gharama: kelele, muda, au kifaa kuvunjika.

Upande wa pili, ukiwaambia wote wanne warushe dadu kutafuta alama ileile ya ugumu 15, hata wakiwa na +0 kila mmoja, nafasi ya angalau mmoja kufaulu ni asilimia 76. Usiite hiyo siri.

Kwa mapambano, soma takwimu kwa jicho la mhusika dhaifu kuliko wote. Mamba wa SRD ana kinga 12 (namba ya kufikia kwenye dadu ili kumpiga) na pointi 19 za uhai. Akiuma anapunguza uhai kwa 1d10+2 (dadu moja ya pande 10, ujumlishe 2), na aliyeumwa hunaswa. Mchawi wa ngazi ya 1 mwenye pointi 7 au 8 anaweza kuanguka kwa mng'ato mmoja. Mamba mmoja ni tishio zuri, wawili ni hatari kweli, watatu kwa pamoja ni mazishi.

5. Kuandika kila eneo

Mpangilio uwe uleule kila mara: kinachoonekana mara moja, kilichofichwa, nani yupo na anataka nini, njia za kutoka. Maneno ya kusomwa kwa sauti yasizidi sentensi tatu. Zikizidi, watu hushika simu. Usiandike "mnaogopa" au "mnakimbilia mlangoni". Hayo ni ya wachezaji kuamua.

Takwimu za kiumbe ziwe ukurasa uleule wa pambano. Kupekua nyuma katikati ya vita kunaua mchezo.

6. Jaribio bila wewe

Wewe kuuongoza mkasa wako si jaribio, kwa sababu mapengo unayajaza kutoka kichwani. Mpe mtu mwingine faili, keti pembeni, funga mdomo. Andika kila anaposimama kusoma kimya na kila anaporudi ukurasa wa nyuma.

7. Kurasa na uchapaji

Maneno 4,000 pamoja na ramani hujaza takriban kurasa 16 za A5. Kijitabu cha pini katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4. Panga kwa Scribus, programu ya kupanga kurasa, ni bure. A5 ni milimita 148 × 210. Picha zinazofika ukingoni ziongezee 3 kila upande, faili iwe 154 × 216. Picha ziwe na dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), na fonti zipachikwe ndani ya PDF. Wachapaji wa Nasser Road hapa Kampala hupokea kazi hii kila siku, lakini dai nakala moja ya mfano kabla hujalipia zote. Ramani ya rangi ikichapwa nyeusi, maji na msitu huwa doa moja. Tofautisha kwa mistari na nukta.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, niuze wapi, na nitabaki na nini? (Jinja)

Maduka ya mtandaoni ya michezo hii ni matatu. Kwa bei ya dola 5: DriveThruRPG hukupa asilimia 65 usipojifunga kwao pekee, yaani dola 3.25. DMs Guild ni asilimia 50, dola 2.50, na kazi hiyo huwezi kuiuza kwingine. Faida yake ni kuruhusiwa kutumia dunia zao kama Forgotten Realms. itch.io wewe ndiye unayepanga fungu lao, kwa kawaida asilimia 10, kisha kuna ada ya malipo. Kabla ya kupandisha faili soma njia zao za kulipa waandishi, uhakikishe moja inafika kwenye akaunti yako Uganda. Kwa wateja wa hapa, WhatsApp na mobile money zinatosha.

ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ni lazima? (Mbarara)

PDF kwenye maduka hayo haihitaji. Ukitaka kitabu kiingie maduka ya vitabu, omba Maktaba ya Taifa ya Uganda. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja namba yake. Hakimiliki unayo tangu unapoandika. Kuisajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili Uganda, ni hiari, ila husaidia mkishtakiana.

Ssebo, naweza kutumia Bachwezi, wale watawala wa masimulizi ya kale, na mti mtakatifu wa Nakayima? (Mubende)

Masimulizi ya wazee unaweza kuyajengea, dada, lakini usinakili sentensi za mtu aliyeyaandika kitabuni. Nakayima watu bado wanaenda kuomba, kwa hiyo mimi nisingepaweka pambano wala hazina ya kupora. Tunga mti wako, kilima chako na mlinzi wake. Utapata pia uhuru wa kuuchoma moto mti huo, kama mkasa utadai hivyo.

Wachezaji wangu ni ngazi ya 3. Nibadilishe nini? (Gulu)

Usiongeze pointi za uhai tu. Pambano linarefuka bila kuwa gumu. Ongeza mamba wa pili na wa tatu, waanzie pande mbili tofauti, na maji yafike kiunoni ili mwendo upungue nusu. Ugumu wa dadu uache hapohapo.