Kamati ya Bunge Inapokuja Arusha au Moshi: Kazi ya Katibu na Mtafiti

Mjumbe wa kamati hupata dakika chache tu za kuuliza. Akiingia ukumbini na kabrasha la kurasa 200 ambalo hajalifungua, atauliza swali la jumla, na Mkurugenzi wa halmashauri naye atajibu kwa ujumla: "Tumelipokea, Mheshimiwa, tunalifanyia kazi." Hapo ziara nzima imepotea. Katibu na mtafiti wapo ili mjumbe awe na namba, ukurasa ilikotoka namba hiyo, na swali moja lisilokwepeka.

Kwanza, jua unakwenda kwa nani

Mkoa wa Arusha una halmashauri 7, na Kilimanjaro vilevile 7. Majina ndiyo yanayopoteza watu. Jiji la Arusha ni halmashauri moja, na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha ni nyingine kabisa. Hii ya pili iko ndani ya Wilaya ya Arumeru, pamoja na Halmashauri ya Meru. Moshi nako kuna Manispaa na kuna Halmashauri ya Wilaya. Kila moja ina Mkurugenzi wake, ambaye ndiye Afisa Masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa fedha zake, na hesabu zake hukaguliwa peke yake. Barua iliyoandikwa "Mkurugenzi, Halmashauri ya Arusha" yaweza kulala siku kadhaa kwenye masijala isiyo yake. Baya zaidi ni mtafiti kunukuu hoja za ukaguzi za Jiji halafu mjumbe akamsomea Mkurugenzi wa Wilaya. Hilo likitokea, hata maswali ya kweli yanayofuata hayana nguvu tena.

Barua iondoke siku 14 kabla ya ziara, nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Usiandike "nyaraka zote muhimu", maana utaletewa picha za uzinduzi. Taja moja moja: majibu ya hoja za ukaguzi, mkataba na marekebisho yake, hati za malipo, taarifa za benki, cheti cha hatua ya kazi. Omba nakala tepe (za kielektroniki) zifike siku 5 za kazi kabla, kwa sababu nyaraka zinazogawiwa asubuhi ya kikao hakuna atakayezisoma, na wapo wanaozichelewesha kwa kulijua hilo.

Dokezo la kurasa mbili

Andika kurasa mbili. Ya tatu haisomwi. Ukurasa wa kwanza ubebe hoja tatu hadi tano zenye uzito. Wa pili ubebe maswali. Viambatisho viwekwe kwenye vishikwambi kwa anayetaka kuchimba zaidi.

Kumbuka umri wa takwimu zako. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu humkabidhi Rais ripoti kufikia 31 Machi mwaka unaofuata, ndipo iende bungeni. Kamati inapofika Arusha, hoja unayoisoma yaweza kuwa na mwaka mzima na zaidi. Kwa hiyo kila hoja iandikiwe mistari miwili: ripoti ilisema nini, na hali ikoje leo. Tumia makundi ya wakaguzi wenyewe: imetekelezwa, inaendelea kutekelezwa, haijatekelezwa, imepitwa na wakati. Halmashauri ikisema "imetekelezwa", omba kielelezo. Bila kielelezo, kwenye dokezo lako hoja hiyo bado haijatekelezwa.

Chukua mfano wa asilimia 10 ya mapato ambayo halmashauri hutakiwa kutenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, maana hapa ndipo watafiti wengi hukosea. Tuseme halmashauri ina mapato ya ndani ya shilingi bilioni 7.2 na imetenga milioni 480 za mikopo. Mtafiti mwenye haraka atapiga asilimia 10 ya bilioni 7.2, apate milioni 720, aandike pengo la milioni 240. Amekosea. Asilimia 10 hutolewa kwenye mapato yasiyolindwa, yaani baada ya kuondoa yale yenye matumizi maalumu. Kama yaliyolindwa ni bilioni 1.2, msingi ni bilioni 6, kinachotakiwa ni milioni 600, na pengo halisi ni milioni 120. Mhasibu wa halmashauri analijua hilo usingizini. Ukimpa mjumbe ile milioni 240, mhasibu atasahihisha mbele ya wote, na mjumbe hatakuamini tena mwaka huo.

Kisha gawanya kwa 4:4:2: milioni 240 wanawake, 240 vijana, 120 watu wenye ulemavu. Linganisha na walichopewa. Mara nyingi jumla inakaa sawa lakini fungu la wenye ulemavu halijatoka, na sababu inayotolewa ni kukosekana kwa vikundi. Swali hapo ni: "Mkurugenzi, Afisa Maendeleo ya Jamii alitangaza lini na kata zipi?" Angalia pia tarehe. Mikopo hii ilisitishwa Aprili 2023 ikarejeshwa 2024, kwa hiyo sifuri ya kipindi hicho si kosa la Mkurugenzi. Cha kuuliza ni kama fedha ziliendelea kutengwa, na ziko akaunti gani.

Ratiba na barabara

Dodoma hadi Arusha kupitia Kondoa na Babati ni zaidi ya kilomita 400. Hiyo ni siku ya safari. Usipange kikao jioni yake. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80 tu, lakini njia imejaa vibao vya 50 kwa saa, Tengeru, Usa River, Kikatiti, Boma Ng'ombe, kwa hiyo hesabu saa mbili. Ziara nyingi za kukagua miradi huangukia Machi, kabla ya Bunge la bajeti, na masika nayo huwa inaanza. Kosta haipandi barabara ya udongo ya Kibosho au Uru ikishanyeshewa. Kodi magari ya kupanda mlima, beba gamboti, na uwe na mradi mbadala ulio karibu na lami.

Panga miradi miwili kwa siku, mitatu ikiwa jirani. Salamu kwa Mkuu wa Mkoa zitengewe dakika 30 na ziandikwe hivyo kwenye ratiba, la sivyo zitakula asubuhi yote.

Mkiwa eneo la mradi

Mradi wa maji chini ya Mlima Meru unaonyesha vizuri nini cha kutazama. Mwenyeji atafungua bomba, maji yatatoka meupe kwa presha nzuri, watu watapiga makofi. Lakini tatizo la ukanda huu halionekani kwa macho: miamba ya volkano hutia madini ya floraidi majini, na yakizidi yanaharibu meno na mifupa ya watoto. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo kwenye kadi ya mjumbe usiandike "Je, maji yanatoka?" Andika: "Naomba majibu ya maabara ya chanzo hiki. Sampuli ilichukuliwa tarehe gani, kwenye chanzo au kwenye bomba la mwananchi?" Vyanzo vikichanganywa ili kupunguza floraidi, kipimo cha chanzo kimoja hakisemi kitu, kinachotakiwa ni kile cha bombani.

Kadi iwe nusu ya karatasi ya A4, herufi kubwa, maswali matatu. Mjumbe aliyesimama juani hashiki kabrasha.

Kumbukumbu na taarifa

Hapa umakini ni wa neno kwa neno. "Mjumbe alishauri", "Kamati ilielekeza" na "Bunge liliazimia" ni mambo matatu yenye uzito tofauti. Kauli ya mjumbe mmoja isigeuzwe kuwa uamuzi wa kamati, na pendekezo la kamati haliwi azimio mpaka Bunge lilikubali. Mwenyekiti anapohitimisha, msomee maelekezo kwa sauti kabla wageni hawajatoka, kila mtu asikie kilichoandikwa. Kinasa sauti kiwepo, lakini andika pia kwa mkono. Upepo wa eneo la ujenzi humeza sauti.

Pendekezo likisema "halmashauri iimarishe usimamizi" futa, andika upya. Lionyeshe nani, afanye nini, kwa kiasi gani, kufikia tarehe ipi: "Mkurugenzi arejeshe shilingi milioni 120 kwenye akaunti ya mikopo kabla ya 30 Juni na kuwasilisha taarifa ya benki." Rasimu isipite kwenye makundi ya WhatsApp, ni siri mpaka iwasilishwe.

Ndani ya siku 3 baada ya kurudi Dodoma, mtumie Mkurugenzi orodha ya nyaraka alizoahidi, kila moja na tarehe aliyoitaja mwenyewe na ukurasa wa kumbukumbu aliposema hivyo. Nakala iingie kwenye jalada la halmashauri hiyo, ili kamati ikirudi tena ianzie hapo.