Jinsi ya Kuandaa Malipo ya Usajili kwa Kill Bill

Kill Bill, programu huria iliyoandikwa kwa Java na kutolewa kwa leseni ya Apache 2.0, hutunza usajili na ankara, lakini fedha zenyewe hupitishwa na kampuni ya malipo kupitia programu-jalizi. Kwa hiyo, ukishaisakinisha pamoja na hifadhidata ya PostgreSQL au MySQL, andika vifurushi na bei zake katika faili la XML, kisha weka programu-jalizi ya kampuni uliyojiunga nayo.

Kabla ya kumtoza mteja yeyote, sogeza mbele saa ya majaribio ya Kill Bill, inayoigiza kupita kwa siku, hatua ambayo wenye haraka huiruka, na umtazame aliyejisajili tarehe 31 Januari: ankara yake ya Februari inatoka siku gani? Namba za kadi usizihifadhi kamwe. Hifadhi tokeni tu, yaani msimbo ambao kampuni ya malipo hukupa badala ya namba ya kadi.