Jinsi ya Kupima Tovuti ya Makumbusho kwa Mpenzi wa Visukuku

Usianzie ukurasa wa mbele, kwani huko kila makumbusho hupendeza. Chagua kisukuku kimoja (mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani) unachokifahamu, kisha ukitafute. Mfano mzuri ni Giraffatitan, dinosaria ambaye kiunzi chake, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimesimamishwa Berlin baada ya mifupa yake kuchimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913.

Tazama jina kwanza: tovuti inayomwita Brachiosaurus, jina lake la zamani, bila kugusia mabadiliko hayo huenda haijahaririwa siku nyingi. Kisha tafuta namba ya usajili, tabaka la mwamba na, muhimu kuliko yote, maelezo ya sehemu zipi ni mfupa halisi na zipi ni nakala, maana kiunzi hicho kimeunganishwa kutokana na wanyama zaidi ya mmoja, na fuvu lililo juu ya shingo ni la kutengenezwa. Tovuti inayolinyamazia hilo, hata ikijaa picha za kuvutia, inawafaa watalii tu.

Angalia pia kama inamtaja Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji wenyeji, au inawataja wanasayansi wa Kijerumani peke yao.