Somo: Kupiga wili kwa kwadi, tukianzia mguu wa breki

Wengi mmeniuliza mvute mafuta kiasi gani ndipo pua ya kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, iinuke na iende kwa magurudumu ya nyuma tu, yaani kupiga wili. Hilo tutalifikia. Kuinua si kazi. Kwadi ya michezo yenye injini ya cc 400 hata mgeni ataiinua bila kutaka, akiachia klachi ghafla. Kazi ni kuishusha pale unapotaka wewe, na anayeishusha ni mguu wa kulia, uliokaa juu ya breki ya nyuma.

Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshaumia. Ilikuwa uwanja wa murramu upande wa Kiserian, nje ya Nairobi, kwadi ya kukodi. Pua ikapanda, ikazidi kupanda, nami nikafanya kile ambacho mtu wa pikipiki hukifanya bila kufikiri: nikashusha mguu chini. Pikipiki haina kitu nyuma ya mguu wako. Kwadi ina gurudumu pana. Likanikamata kisigino, likaniangusha, likapanda juu ya mguu. Mkongojo wiki sita. Ile kamba ya kuzima injini ilikuwa inaning'inia kwenye usukani. Mwenye kwadi hakunifunga mkononi, nami sikuuliza ni ya nini.

Kwa hiyo kamba kwanza, kabla hata ya helmeti. Ukidondoka inachomoka na injini inazima, basi kwadi haiendi kumtafuta mtu mwingine. Kisha helmeti, buti zinazopanda juu ya kifundo cha mguu, glavu. Raba za mazoezi zibaki nyumbani.

Kuhusu mashine, sema nayo ukweli. Kwadi ya michezo ya gia na klachi, kama Honda TRX400EX au Yamaha Raptor, ni nyepesi mbele na fupi. Zile za 4x4 za shambani zenye keria mbele na nyuma ni nzito na haziinuki kirahisi. Usizilazimishe.

Kagua upepo wa magurudumu. Kwadi ya michezo hutaka pauni 4 au 5 tu, si 30 kama gari, na geji nyingi za petroli steshoni hazisomi chini kiasi hicho. Tafuta geji yako ndogo. Halafu chukua futi ya fundi cherehani, zungushia gurudumu la nyuma kushoto, kisha la kulia. Vipimo vilingane. Kwadi ya michezo haina difu, ile gia inayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti: magurudumu yote mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja na huzunguka pamoja, kwa hiyo lililo dogo hata kwa sentimita moja au mbili litakuvuta upande wake mara tu ya mbele yakiwa hewani.

Uwanja uwe wa murramu ngumu, tambarare, mita mia hivi bila jiwe. Udongo mweusi wa Kitengela mtauacha: ukikauka una nyufa, ukilowa unaganda kwenye magurudumu. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba, na msiende peke yenu. Barabarani hapana, hata Jumapili alfajiri.

Siku ya kwanza hakuna kuinua. Najua inaudhi. Tia gia ya pili, nenda mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, kidole cha mguu wa kulia kikigusa pedeli ya breki muda wote. Bonyeza mpaka usikie pua ikiinama, achia, songa. Rudia mpaka mguu ufanye wenyewe huku ukiongea na mwenzako. Maana ya zoezi ni hii: magurudumu ya mbele yakiwa hewani, breki ya mbele haina inachokishika. Ya nyuma ndiyo inayoirudisha pua chini, na inairudisha haraka kuliko kuachia mafuta.

Siku ya pili unainua pua kimo cha kiganja kimoja, basi. Kaa nyuma kabisa ya kiti, mikono karibu kunyooka. Ukiwa gia ya pili, achia mafuta kidogo: pua itainama na shokapu za mbele zitabonyea. Zinaporudi juu, hapo hapo sukuma wenzo wa mafuta kwa kidole gumba cha kulia na uegemee nyuma. Usivute usukani kwa misuli ya mikono, uzito wa mwili unatosha. Yakishatoka chini, gusa breki kabla hayajashuka yenyewe. Hilo la mwisho ndilo zoezi lenyewe. Wili ambayo hukuishusha kwa mguu usiihesabu.

Klachi ingiza baadaye, na kwa vidole viwili tu: ivute kidogo, ongeza mafuta, achia upesi lakini usiirushe. Nimeona watu wakianza nayo kwa sababu inaonekana vizuri kwenye video. Wengi walishuka kwa mgongo.

Ukiendelea utafika mahali ambapo kidole gumba karibu kinakosa kazi. Mwanzo ulikuwa unahitaji mafuta mengi kuishikilia pua; sasa kidogo tu kinatosha. Hapo uzito umekaa juu ya ekseli, na ndipo watu huogopa, wakaachia mafuta yote kwa mshtuko, pua ikaanguka kwa kishindo. Usiachie. Cheza kati ya kidole gumba na kidole cha mguu: mafuta kidogo ikishuka, breki kidogo ikizidi. Ikienda kushoto, peleka nyonga kulia. Usukani kwa wakati huo ni wa kushikia tu, lakini uuweke umenyooka, kwa sababu unaposhuka nao umekata kona, tairodi na bolijointi, vile vyuma na viungo vya magurudumu ya mbele, ndizo zinazolipa. Shusha ukiwa na mafuta kidogo, si ukiwa umefunga kabisa.

Na ikikuzidi? Bonyeza breki kwa nguvu. Ikishindikana, achia usukani, toka kwa nyuma na miguu yote miwili kwa pamoja, ukimbie pembeni. Usining'inie. Usiweke mguu mmoja chini ukiwa bado umekaa.

Jambo moja la kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa huku ni nyepesi, hivyo injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hukosa takriban asilimia 15 ya nguvu yake. Ukizoea kuinua hapa kisha ukashuka nayo Magadi, ambako ni kama mita 600, kidole gumba kile kile kitakupandishia pua haraka kuliko ulivyotarajia. Ilimtokea rafiki yangu mbele ya macho yangu. Mkifika bondeni, rudini siku ya kwanza kwa nusu saa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, yangu ni otomatiki ya 250, haina klachi. Naweza?*

Kwa kujifunzia, hapana. Ule mkanda wa ndani huchelewa kushika, halafu hushika wote kwa mara moja, kwa hiyo huwezi kupima. Jifunze breki na kuhamisha uzito, kisha omba ya mwenzako.

*Ikipanda inakwenda kulia kila mara. Nimepima magurudumu, yako sawa.*

Mwombe mtu akupige video kwa nyuma. Nadhani unavuta usukani kwa mkono wa kulia, kwa sababu ndio ulio na mafuta. Lainisha viwiko. Kama sivyo, kagua kama ekseli imepinda: nyanyua nyuma, zungusha gurudumu kwa mkono, tazama kama linayumba.

*Baada ya wili ndefu injini inakohoa na plagi imekuwa nyeusi. Ni nini?*

Mawili. Pua ikiwa juu sana petroli kwenye bakuli la kabureta huhama na injini inazamishwa. Pili, kwa mwinuko wetu jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, iliyotoka kiwandani inaweza kuwa kubwa, na plagi nyeusi ni dalili yake. Fundi wa kabureta ataibadilisha. Lakini angalia oili pia. Kwenye wili ndefu oili hukimbilia nyuma, na ikiwa ilikuwa pungufu tangu mwanzo, pampu inaweza kunyonya hewa. Weka hadi alama ya juu, wala usizidishe.

*Fundi wa jua kali anaweza kunitengenezea chuma cha nyuma cha kuzuia isipinduke?*

Anaweza, na wengine wanachomelea vizuri kuliko walio na karakana kubwa. Mwambie akifunge kwa bolti kwenye fremu, asikishike kwenye mabano ya taa. Akitaka kuchomelea kitu chochote kikiwa juu ya kwadi, achomoe betri na kile kiboksi cha umeme wa plagi kwanza. Chuma hicho kitakwaruza chini kabla hujapinduka, lakini kikichimba kwenye udongo laini kinakusimamisha ghafla, kwa hiyo ncha yake iwe ya mviringo.

*Kijana wangu ana miaka kumi na moja, ana kwadi ya 90. Nimwanzishe?*

Dada, mfundishe ile siku ya kwanza, na uirudie mpaka achoke. Siku ya pili ingoje akue.

*Buti za maana ni ghali mno dukani. Za mitumba je?*

Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, zipo, ila ufike mapema. Kunja soli kwa mikono miwili: ikikunjika kwa urahisi, iache. Kagua kama bizimu zote zinafunga, na uvae ukiwa na soksi nene. Zangu za sasa ni za mitumba, na ile ya kulia ina alama ya gurudumu kisiginoni.