Kumnyonyesha mtoto mchanga, na kumwongezea maziwa ya kopo bila kukausha titi

Mimi ni muuguzi mkunga, kazi yangu ni wodi ya wazazi hapa Dar es Salaam. Swali ninaloulizwa kuliko yote, mchana na usiku, ni hili: "Nesi, maziwa hayatoki, wakanunue kopo?" Mara nyingi jibu langu ni kwamba bado. Wakati mwingine jibu ni ndiyo, tena haraka. Nimeandika hatua hizi ili ujue uko upande gani, na kama kopo limekuwa la lazima, ulitumie kwa namna ambayo titi litaendelea kufanya kazi.

Kabla ya yote elewa hili: titi hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa au kukamuliwa. Likiachwa limejaa kwa muda mrefu, mwili hupunguza utengenezaji. Kwa hiyo kinachokausha titi ni kule kupumzishwa wakati mtoto anapewa kopo. Hatua zote hapa chini zinasimama juu ya jambo hilo.

Hatua ya 1: Titi ndani ya saa ya kwanza

Mtoto akizaliwa salama, alazwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya ndani ya saa 1. Uliyejifungua kwa upasuaji nawe unaweza, mara tu unapokuwa macho. Omba nesi au ndugu akushikie mtoto mpaka akae sawa.

Maziwa ya mwanzo, dang'a, ni mazito, ya njano na machache. Uchache huo ndio unaowatisha wengi. Siku ya kwanza mtoto anahitaji kijiko kimoja cha chai hivi kila anaponyonya, wakati mwingine kisichozidi viwili, na dang'a inatosha kabisa. Usiikamue ukaimwaga, hata kama bibi anasema ni maziwa machafu. Hiyo ndiyo kinga yake ya kwanza. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya 2 na ya 4, na baada ya upasuaji yanaweza kuchelewa kidogo. Ni katika siku hizi za kungoja ambapo makopo mengi hununuliwa bila sababu.

Usimpe maji, glukosi, asali wala dawa ya mchango. Joto la Januari hapa kwetu linafanya kila anayekuja kukupongeza aseme mtoto ana kiu. Maziwa yako ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Akiwa na kiu, mpe titi.

Hatua ya 2: Mshikishe titi vizuri

Hapa naomba usiruke, kwa sababu malalamiko mengi ya "maziwa hayatoki" na ya chuchu kuchanika yanaanzia hapa.

Keti ukiwa umeegemea, mgongo usining'inie. Mgeuze mtoto mwili mzima akuelekee, tumbo lake lishikane na lako. Asigeuze shingo peke yake. Pua yake iwe mkabala na chuchu. Igusishe chuchu kwenye mdomo wake wa juu, usubiri afungue kinywa wazi kabisa, kisha mlete kwako upesi. Wewe usimwinamie.

Akishika sawasawa utaona haya: kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umekunjukia nje, mashavu yamejaa, na ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Baada ya kunyonya haraka haraka mwanzoni, ataanza kuvuta taratibu na kwa kina, na utasikia anameza. Maumivu ya sekunde chache mwanzoni yanaweza kuwapo siku za awali. Yakiendelea, ingiza kidole kisafi pembeni ya mdomo wake, mwachishe, uanze upya. Kuvumilia hakusaidii, mtoto aliyeshika chuchu peke yake hapati maziwa ya kutosha na anakuumiza bure.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia. Homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, kwa hiyo lile la kunyonya saa 8 usiku lina faida kubwa kuliko unavyodhani. Usingoje alie. Akianza kugeuza kichwa akitafuta, au kula vidole, ndio wakati wake. Mtoto wa siku chache anayelala moja kwa moja kwa zaidi ya saa 3, mwamshe.

Hatua ya 3: Angalia nepi na mizani kabla ya kutuma mtu dukani

Kulia peke yake si ushahidi wa njaa. Titi kuwa laini si ushahidi pia, maana baada ya wiki chache matiti hulainika yenyewe ilhali maziwa yapo. Ushahidi ni huu:

Mkojo. Siku ya 1 nepi moja iliyolowa, siku ya 2 mbili, siku ya 3 tatu. Kuanzia siku ya 5, nepi 6 au zaidi kwa siku, na mkojo usiwe wa njano iliyokolea.

Choo. Kile cheusi cha kunata kinabadilika polepole na kufikia siku ya 5 kinakuwa cha njano na chepesi.

Uzito. Karibu watoto wote hupungua siku za kwanza. Kupungua hadi asilimia 7 ni kawaida. Kukikaribia asilimia 10, unyonyeshaji ukaguliwe na mtu anayejua. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 akishuka hadi kilo 2.7, amefika hapo. Anapaswa kurudi kwenye uzito wa kuzaliwa ndani ya siku 10 hadi 14, kisha aongezeke gramu 20 hadi 30 kwa siku. Ndiyo maana kadi ya kliniki isikae kabatini. Mpeleke kwenye mizani hata kama tarehe haijafika, kituo cha afya cha karibu kitampima.

Haya yakiwa sawa, mtoto anashiba. Rudisha hela ya kopo mfukoni.

Hatua ya 4: Kamua ya kwako kwanza

Kama mtoto kweli anahitaji nyongeza, nyongeza ya kwanza ni maziwa yako mwenyewe. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma nyuma kuelekea kifuani, bana, achia. Rudia kwa mpigo wa taratibu, ukizungusha vidole kuzunguka titi lote. Usiivute chuchu. Mwanzo hutoka matone. Usikate tamaa, endelea. Kitambaa cha uvuguvugu juu ya titi kabla ya kukamua husaidia, na kumwona au kumgusa mtoto husaidia zaidi.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 mahali penye nyuzi joto 25. Chumba cha Mbagala au Tandale mchana kinapita hapo, kwa hiyo mpe mapema au yaweke kwenye friji mara moja, kule ndani na si mlangoni. Kwenye friji hukaa hadi siku 4. Umeme ukikatika usifungue friji ovyo. Ukichelewa kurudi, yahamishie kwenye deli lenye barafu nyingi. Kuyapasha, tumbukiza kikombe kwenye maji ya moto. Usiyachemshe, wala usiyaweke kwenye maikrowevu.

Kuhusu chakula chako: mtori, supu na uji ni vizuri na unavihitaji, umetoka kwenye kazi kubwa. Lakini bakuli la mtori na titi lisilonyonywa haliongezi maziwa. Kula wewe, mnyonyeshe mtoto, vyote viwili.

Hatua ya 5: Kopo linapokuwa la lazima

Zipo sababu za kweli: sukari ya mtoto imeshuka na maziwa yako bado hayajatosha, uzito umepungua kupita kiasi, mama yuko mahututi au anatumia dawa zisizoruhusu kunyonyesha, mapacha au njiti ambao maziwa ya mama hayajawatosha, mama amefariki. Katika hali hizi kopo linaokoa maisha na hakuna mama anayepaswa kuona aibu kulishika. Uamuzi ufanywe na daktari au mkunga aliyempima mtoto, si na muuza duka.

Kama unaishi na VVU na unatumia dawa zako, usianze kuchanganya titi na kopo kabla ya kuzungumza na mtoa huduma wako. Kwenu, ushauri ni titi peke yake kwa miezi 6, wewe ukimeza dawa bila kukosa, na mtoto akipewa dawa yake ya kinga.

Nunua kopo lililoandikwa ni la tangu kuzaliwa, kwa kawaida namba 1. Angalia tarehe, na lisiwe limebonyea wala kufunguliwa. Maziwa ya unga ya kunywea chai, maziwa ya ng'ombe na maziwa mazito ya kopo ya kupaka mkate si chakula cha mtoto mchanga.

Utaratibu ni titi kwanza, pande zote mbili, kisha nyongeza. Kiasi cha nyongeza kwa mtoto anayenyonya pia ni kidogo: siku ya kwanza mililita 2 hadi 10 kila mara, siku ya 2 mililita 5 hadi 15, siku ya 3 mililita 15 hadi 30, siku ya 4 mililita 30 hadi 60. Kijiko cha chai ni mililita 5. Nimeona mtoto wa siku 2 akijazwa mililita 90 kwa sababu "alimaliza". Mtoto huyo hulala saa nyingi, titi linakaa, na kesho yake mama ana maziwa pungufu kweli.

Kila nyongeza ya kopo inapotolewa, kamua dakika 10 hadi 15. Hata kikitoka kijiko kimoja, mwili umepata habari.

Hatua ya 6: Changanya kwa usalama

Watu wengi hawajui kwamba unga wa kopo hauuawi vijidudu vyote kiwandani. Kinachovimaliza ni maji ya moto wakati wa kuchanganya. Maji ya kuchemsha yaliyopoa toka asubuhi hayatoshi.

Osha kikombe na kijiko kwa sabuni, kisha vichemshe kwenye sufuria dakika 10, uviache humo mpaka utakapovitumia. Chemsha lita 1 ya maji, yawe ya bomba, ya kisima au ya dumu, mpaka yatokote. Yaache yapoe kwa muda usiozidi dakika 30, ili yabaki na nyuzi joto 70 au zaidi. Usichemshe kikombe kimoja tu, maana kinapoa haraka mno. Usiku unaweza kuyaweka yakiwa yanatokota kwenye chupa ya chai nzuri iliyojaa na kufungwa.

Pima maji kwanza, kisha weka unga kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo hilohilo, ukikisawazisha kwa mgongo wa kisu. Makopo mengi ni kijiko kimoja kwa mililita 30, lakini fuata maandishi ya kopo lako. Poza kwa kukizamisha kikombe kwenye beseni la maji baridi, udondoshe tone kwenye kifundo cha mkono, liwe vuguvugu.

Najua kopo ni ghali, na najua kwa nini watu wanalizimua ili lifike mwisho wa mwezi. Tafadhali usifanye hivyo. Mtoto anajaa maji, anadhoofika, na chumvi ya mwili inaweza kushuka hadi akapata degedege. Ukiona hutaweza kulinunua, njoo kituoni tukusaidie kurudisha titi, inawezekana. Kuongeza unga ili ashibe zaidi nako kunamuumiza.

Kilichochanganywa kitumike ndani ya saa 2. Alichobakiza kimwagwe. Maziwa yaliyochanganywa yasihifadhiwe kabisa kwenye chupa ya chai. Uvuguvugu ule ndio vijidudu wanaoupenda.

Hatua ya 7: Kikombe badala ya chupa

Kikombe kidogo kinaoshwa kirahisi, chupa na nyonyo zina kona nyingi, na mtoto aliyezoea nyonyo anaweza kuanza kulikataa titi. Mkalishe mapajani akiwa wima kiasi, egemeza kikombe kwenye mdomo wake wa chini, maziwa yaguse tu mdomo. Atayalamba mwenyewe. Usimmiminie. Akifunga mdomo, ameshiba. Mweke begani abeue.

Kazi ya kuosha na kuchemsha vyombo apewe baba au ndugu. Wewe nyonyesha na kamua.

Hatua ya 8: Punguza kopo

Uzito ukipanda vizuri na nepi zikiwa 6 au zaidi, punguza kiasi kidogo kwenye kila nyongeza, anza na zile za usiku ambapo titi lina nguvu. Pima tena baada ya siku 3 au 4. Uzito ukiendelea kupanda, punguza tena.

Wapo wanaoendelea na kopo "ili azoee" kwa kuwa watarudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 84, na 100 ukizaa zaidi ya mmoja kwa mpigo. Ukirudi, una haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Mazoea ya kopo wiki ya 2 hayana haraka yoyote. Na maziwa hayachachi ndani ya titi kwa sababu ulishinda kwenye foleni ya Kimara.

Wakati wowote katika hatua hizi, mtoto akikataa kunyonya, akilegea, akipata homa ya nyuzi 37.5 au zaidi, akiwa baridi, utosi ukibonyea, akipata degedege, akipumua kwa shida, au manjano yakifika viganjani na kwenye nyayo, acha kila kitu umpeleke hospitali saa hiyohiyo, iwe Amana, Temeke, Mwananyamala au yoyote iliyo karibu, hata kama ni usiku wa manane. Njiani mshike ngozi kwa ngozi ndani ya khanga asipoe, na kama anaweza kunyonya, aendelee kunyonya.