Tuzo ya mwalimu bora wa chuo cha ufundi: jinsi ya kuiandaa

Mwaka wa kwanza tulikosea. Hapa Tanga, chuoni kwetu, tuligawa karatasi, wanachuo wakapiga kura, tukahesabu. Idara ya magari ndiyo yenye watu wengi, basi tuzo ikaenda magari. Mwalimu wa ushonaji wa jioni, mwenye wanachuo 12, alikuwa ameshindwa kabla ya kura kupigwa. Tangu hapo tunafanya hivi.

Hatua ya 1: Amueni mnatuza nini. Mfanyakazi bora ana siku yake, Mei Mosi. Hii ni tuzo ya kufundisha. Sisi tuliandika sentensi moja, tukaibandika kwenye ubao wa matangazo: mwalimu ambaye mwanafunzi wake anaiweza kazi akiwa peke yake.

Hatua ya 2: Tafuteni majina kwa wahitimu. Aliye darasani bado hajui alichopata. Aliyekwishafungua kibanda chake cha kazi huko mtaani Ngamiani anajua. Muulize: nani alikufundisha jambo unalolitumia hadi leo, na ni jambo gani? Jibu la swali la pili ndilo mtakalolifanyia kazi. Msilazimishe fomu. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, tangu vilipoanza mwaka 1975, vinapokea watu wazima na vijana waliokatisha shule, na wengi wao husema vizuri kuliko wanavyoandika. Pokeeni ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

Hatua ya 3: Undeni jopo la watu 5. Walimu wawili wa chuo kingine, mhitimu, fundi anayeajiri, na mtu wa ofisi ya taaluma. Mkuu wa chuo asiwemo. Ndiye anayesaini ruhusa na likizo za hao hao wanaopimwa.

Hatua ya 4: Nendeni karakanani. Hapa msifanye haraka. Mwalimu ajue wiki mtakayokuja, asijue siku. Kaeni nyuma, mtazame kifaa kiko mkononi mwa nani. Niliwahi kumtazama mwalimu wa uchomeleaji ambaye kijana wake alitoa mshono wenye vitundu. Hakumpokonya kifaa. Alimwambia auvunje mshono kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, autazame ndani, kisha akamuuliza vile vijiti vya kuchomelea vililala wapi usiku. Vililala wazi, na hewa yetu ya pwani ina unyevu. Kijana akalitaja kosa mwenyewe, akaenda kuchukua vijiti vikavu. Dakika 20 zilikwisha kwa mshono mmoja, na sijaona ufundishaji mzuri kuliko ule.

Mwalimu akishatoka, zungumzeni na wanafunzi, hasa anayebaki nyuma ya wenzake. Mwulizeni: ukikosea, mwalimu anafanyaje?

Hatua ya 5: Jadilini siku hiyo hiyo, kila mtu akiwa na alichokiona kwenye daftari lake. Alama zije baada ya mazungumzo.

Hatua ya 6: Tuzo itolewe uwanjani kwa chuo, mbele ya wanafunzi. Fedha zikiwepo, mpeni. Zikiwa kidogo, mnunulieni kifaa anachokiazima kila muhula. Ila yasomwe maneno ya mhitimu wake, yote, kama alivyoyasema.

Waliopendekezwa wasishinde wapelekewe barua ndani ya wiki hiyo, ikitaja jambo moja ambalo jopo lililiona kwao. Yule mwalimu wa ushonaji ameibandika yake ndani ya mlango wa kabati la vitambaa.